KUFUNGA KITAKO CHA MASHINE NYUMA YA MASHUA

Ndugu wanachama,

Msimu uliopita mashua ya wenzetu ilikuwa ikivusha wachumaji wa karafuu. Katikati ya mkondo, kitako cha mashine, yaani kile chuma kinachoishika mashine nyuma ya chombo, kiling'oka na mashine ikazama. Watu walifika pwani kwa kupiga makasia, alhamdulillahi, lakini mashine haikuonekana tena, na deni lake lingali likilipwa. Tulipokikagua chombo tuliona sababu: kitako kilifungwa kwa parafujo tu, na ubao ulikuwa umeoza ndani.

Yafaa tufahamu kwanza jinsi nguvu inavyokwenda. Mashine ikisukuma chombo mbele, sehemu ya chini ya kitako huugandamiza ubao wa tezi, na sehemu ya juu huvutwa nyuma, kama mtu anayeng'oa msumari. Parafujo hushika mti kwa meno yake tu, kwa hivyo hulegea siku baada ya siku. Bolti hupenya ubao wote na kukazwa kwa nati upande wa pili.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza, ugongeni ubao wa tezi kwa nyundo. Ukitoa mlio mzito wa kufifia, ubadilishwe. Pili, wekeni upande wa ndani kibao kigumu, kama cha mvule, kipana kuliko kitako. Tatu, toboeni kwa keekee matundu yanayolingana na bolti nne au zaidi, za chuma kisichoshika kutu. Nne, yapakeni matundu gundi ya baharini, maana maji yakiingia ndipo uozo huanza. Tano, wekeni washa pana kwa ndani, kazeni nati, kisha ongezeni nati ya pili juu yake.

Kimo nacho kina kipimo. Bapa lililo juu ya rafadha liwe sawa na chini ya chombo, au chini yake kidogo. Likipanda juu, rafadha huvuta hewa, na mashine hulia bila ya kusukuma.

Baada ya safari ya kwanza nati zikazwe tena. Pia mashine ifungwe mnyororo mfupi kwenye taruma la chombo, si kwenye kitako, ili kitako kikishindwa mashine isipotee.

Bei ya bolti nne ni ndogo mno mbele ya gunia moja la karafuu, na mbele ya roho ya mtu haina hesabu. Twawaomba kila mwenye chombo akikague kabla ya msimu kuingia.

Katibu