Hesabu za Biashara Ndogo, Sehemu ya Tano: Kazi Ndiyo Huchagua Kipakatalishi

Tangu Microsoft ilipoacha, tarehe 14 Oktoba 2025, kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, kila mwenye kipakatalishi cha zamani ana uamuzi mbele yake, na ufuo wa Dunga, Kisumu, haukuachwa nje. Muuza mbuta wa jumla, mwenye mkahawa wa samaki, mtembeza wageni kwa mashua na msusi wa mafunjo wote wanajiuliza kama mashine waliyo nayo itupwe na, ikitupwa, inunuliwe ipi. Muuzaji wa dukani huanza na jina la kampuni, wembamba wa mashine na kung'aa kwa kioo. Sisi, ambao katika makala nne zilizopita tumepitia daftari la mauzo, orodha ya wadeni, ankara za eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi) na kodi ya mauzo, tutaanza na kazi. Anayejua hesabu zake zina ukubwa gani na zinafungwa lini hapati taabu kuchagua mashine. Asiyejua atanunua ya bei kubwa, na hasara yake itabaki pale pale.

Historia ya mashine zenyewe inaunga mkono mpangilio huu. Mtawa Luca Pacioli alichapisha mjini Venice, mwaka 1494, maelezo ya namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila shughuli mara mbili, upande wa anayepokea na upande wa anayetoa, na hesabu hiyo ikafanywa kwa wino kwa karibu karne tano. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, lahajedwali ya kwanza ya tarakilishi ndogo. Ilianzia kwenye Apple II, na wako wafanyabiashara wa Marekani ambao hawakuwa na haja yoyote na tarakilishi walioinunua Apple II ili tu waipate VisiCalc. Mwaka 1981 Adam Osborne akaleta Osborne 1, tarakilishi ya kubebeka yenye uzito wa kilo 11 hivi, kioo cha inchi 5 na bei ya dola 1,795. Haikuwa na betri, na kwa macho ya leo ingechekesha. Lakini iliuzwa ikiwa na programu ya kuandikia barua na lahajedwali ndani yake, na mnunuzi aliweza kuanza kazi siku ile ile. Babu wa vipakatalishi vya biashara alizaliwa akiwa na daftari mkononi.

Hatuna haja ya kwenda Venice kutafuta ushahidi, maana Kisumu inao wa kutosha. Reli ilifika hapa, wakati huo pakiitwa Port Florence, Desemba 1901, na biashara ya Ziwa Victoria ikabadilika kasi na mikono. Miongoni mwa walionufaika ni Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch nchini India, aliyeanzia Bagamoyo na ambaye kufikia kifo chake mwaka 1916 alikuwa na maduka kutoka pwani hadi Uganda. Mtu mmoja hawezi kusimama nyuma ya kaunta zote hizo. Kinachosimama kwa niaba yake ni vitabu vya hesabu. Mwafrika wa ufuoni, kwa upande wake, alifungiwa mlango wa mtaji. Sheria za kikoloni za kudhibiti mikopo kwa wenyeji, zilizoanza mwaka 1903, zilimnyima aliyemkopesha Mwafrika nguvu ya kudai deni lake mahakamani bila idhini maalumu, na aliyejua kwamba hatalipwa kwa nguvu ya sheria hakukopesha. Jibu la Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa akifundisha Maseno, lilikuwa kuchanga. Kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation ilisajiliwa mwaka 1947, ikauza hisa kwa watu wa kawaida, ikaendesha duka Maseno na shughuli za uchapaji, na ikajenga mjini Kisumu. Kampuni ile ilipata misukosuko yake, lakini somo lake halijachakaa. Fedha za watu wengi haziwezi kukaa pamoja hata mwezi mmoja bila orodha ya nani ametoa nini, lini, na amepokea nini. Wazee wale walijenga mtaji kwa kalamu kabla hawajaujenga kwa mawe. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakuwa wakipamba maneno.

Kuna watakaopinga kwamba siku hizi simu inatosha. Malipo hupita kwenye M-Pesa, na hata ankara ya eTIMS hutolewa kwa kubonyeza *222#. Kwa anayeuza karai moja la omena kwa siku, hoja hiyo ni sahihi kabisa. Na anunue daftari la karatasi, asiingie deni la kipakatalishi. Lakini taarifa ya M-Pesa inaonyesha pesa zilizopita tu. Haionyeshi mkahawa uliochukua ngege Ijumaa na kuahidi kulipa Jumatatu, wala samaki walioharibika barafu ilipoyeyuka, na inachanganya karo ya mtoto na mafuta ya injini. Mauzo yakishazidi shilingi milioni 1 kwa mwaka, kiwango ambapo kodi ya mauzo ya asilimia 3 huanza, mchanganyiko huo hugeuka gharama, kwa sababu kodi hiyo hukatwa kwenye mauzo yote, uwe umepata faida au hukupata. Hapo ndipo lahajedwali inapohitajika, na lahajedwali kwenye kioo cha simu ni mateso ya macho.

Mashine ya kazi hiyo ni ya kiasi. RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256 zinatosha. SSD haina kinachozunguka ndani, hivyo huvumilia misukosuko ya barabara kuliko diski za zamani. Windows 11 hudai chipu ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane au cha baadaye: i5-8350U inakubaliwa, i5-7300U haikubaliwi. Atakayesema kipya ni salama kuliko cha mtumba kilichotumika Uingereza ana hoja nusu. Kipya cha bei ya chini chenye RAM ya GB 4 kitamchosha mwenyewe mapema kuliko kile cha ofisi kilichokarabatiwa vizuri, mradi betri ijaribiwe kwa saa nzima mbele ya muuzaji na waranti iandikwe. Baada ya Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, betri si jambo la kujadiliwa. Tena sheria ya taratibu za kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zihifadhiwe miaka 5, kwa hiyo nakala rudufu iwe kwenye diski ya pembeni, mbali na mashine.

Pingamizi la mwisho ni bei, na hapa uchoyo wetu ndio unaotuponza. Kanuni za uvuvi za mwaka 2007 zilivipa vikundi vya usimamizi wa fuo sajili ya wavuvi na mashua. Kama wavuvi waliweza kuorodheshwa pamoja, kwa nini wafanyabiashara wanaokutana kwenye ufuo huo huo wasichangie mashine moja, kila mmoja na akaunti na nywila yake, na karani mmoja anayelipwa? Watasema siri za biashara zitavuja. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inamwajibisha anayeshika habari za watu, na nywila inafunga kuliko droo ya mbao. Kinachokosekana ni nia ya kuhesabiwa, kwa maana anayeficha hesabu kwa jirani mara nyingi amekwisha kuzificha kwa nafsi yake. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, andika mauzo, madeni na matumizi ya siku 30 kwa kalamu. Ukishindwa kuyaandika, hakuna kipakatalishi kitakachokuandikia. Ukifaulu, utajua unahitaji mashine ya namna gani, na hutamwachia muuzaji akuamulie.