Maji ya Sabuni Hayashuki Seneto

"Fundi, breki fluidi ilikata njiani, nikaongeza maji ya sabuni kidogo, pedeli imerudi juu kabisa. Nishushe wageni kreta kwanza, nikirudi jioni ndiyo tuiangalie?"

Msimu wa wageni ukianza hapa Karatu, swali hili halikosekani, na wanaoliuliza si watu waliotoka shule ya udereva jana. Jibu ni hapana. Msimu uliopita lilikuwa hapana vilevile. Kwa kuwa halijasikika, leo naeleza sababu.

Breki fluidi ya DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. DOT 4 ni 230. Maji mtaniambia ni 100, na hiyo 100 ni ya Tanga na Dar es Salaam. Ukingo wa kreta uko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka nyuzi 92 au karibu na hapo. Sasa chukua Land Cruiser iliyorefushwa chesisi, jaza abiria, mabegi na maji ya kunywa, kisha ishushe mita 600 kwa barabara ya Seneto huku dereva ameegemea pedeli mwanzo mwisho. Diski inafika nyuzi mia kadhaa bila shida, na joto hilo linapita kwenye pedi na pistoni hadi kwenye fluidi. DOT 3 iliyonyonya maji asilimia 3.7 tu, kipimo kinachotumika kuipima ikiwa imechakaa, inaruhusiwa kuchemka kwenye nyuzi 140. Asilimia 3.7! Ninyi mnamimina nusu chupa.

"Lakini pedeli ni ngumu, fundi." Ni ngumu kwa sababu umeikanyaga kwenye uwanja wa hoteli, breki zikiwa baridi. Maji baridi hayabonyei, yanasukuma pistoni sawasawa na fluidi, na jaribio la uwanjani hayawezi kulishindwa. Kwenye mteremko mambo hugeuka, tena kwa hila. Ukiwa umekanyaga, presha ndani ya paipu ni kubwa na inayazuia maji yasichemke. Ukiachia mguu kabla ya kona, presha inashuka, na hapo hapo maji yaliyokwisha kupata moto yanageuka mvuke. Mvuke unabonyea. Mguu unaofuata unakuta pedeli imezama hadi sakafuni, na kona ndiyo hiyo.

Kinachonichosha zaidi ni kinachofuata kwa wale wanaosalimika. Gari linazuiwa kwa gia au kwa ukuta wa barabara, linakaa nusu saa, mvuke unapoa na kuwa maji tena, pedeli inarudi juu. Dereva anafika mjini anasimulia kwamba "ulikuwa upepo tu, umetoka wenyewe". Dawa inasifiwa, na mwingine anaiiga.

Sabuni nayo mnasema inalainisha sili. Inatoa povu, na povu ni hewa, kitu tunachohangaika kukitoa. Maji yanayobaki yanatafuna ukuta wa masta silinda kwa kutu, na kutu inakwangua sili zilezile mlizotaka kuzilainisha. Wa oili ya injini au hidroliki ya usukani wasicheke, maana raba za breki hazivumilii oili za petroli: zinavimba. Fungua kifuniko cha kichupa utazame raba yake. Ikiwa imevimba na kujikunja mawimbi kiasi cha kugoma kurudi mahali pake, gari limekwisha kulishwa oili, na sili na hozi zote zinatakiwa kubadilishwa. Hapo utatamani ungenunua fluidi.

Tuje kwenye kutafuta uvujaji wenyewe. Kwanza, fluidi kupungua taratibu huweza kuwa pedi zimelika tu, zikague. Kama inavuja, vumbi jekundu la huku litakuonyesha: tazama upande wa ndani wa kila tairi, utaona mchirizi mweusi wa tope kuanzia kwenye dramu au kalipa. Usichanganye na oili ya difu, ambayo ikipita sili ya ekseli huishia palepale kwenye dramu ya nyuma. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji: breki fluidi inayeyuka na kupotea, oili inaelea, na ya difu utaitambua kwa uvundo wake. Kapeti likilowa chini ya miguu ya dereva, shuku masta ya klachi. Kama hakuna unyevu popote na kichupa kinazidi kushuka, legeza masta silinda uangalie nyuma yake, fluidi huwa inaingia kwenye busta kimyakimya. Msisahau vali ya kupima mzigo juu ya ekseli ya nyuma kwa magari yenye nayo, mawe hulipiga sana eneo lile.

Matengenezo kwa haraka. Hozi iliyopasuka hubadilishwa, haifungwi kwa mpira. Paipu ya chuma iliyotoboka iwekewe paipu ya breki, siyo ya shaba ya friji, hiyo mtikisiko utaikata. Wili silinda yenye vishimo ndani usiipe raba mpya, nunua nzima. Breki shuu zilizolowa fluidi haziponi kwa kuoshwa na petroli, tupa. Washa za shaba za hozi, mpya kila mara. Kisha toa upepo ukianzia tairi la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta kwa magari yetu, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia, ukijaza kichupa kisikauke katikati ya kazi. Fluidi yote ibadilishwe kila miaka miwili.

Ukiwa umekwama getini Loduare na kichupa kitupu, bosi akipiga simu kila dakika, omba gari jingine lichukue wageni, na lako liondoke kwa kubebwa. Kulivuta kwa kamba kwenye mteremko wa kurudi Karatu hakusaidii kitu, breki bado hakuna. Na ile chupa ya fluidi iliyofunguliwa mwaka jana, inayozunguka kwenye boksi la spana, imeshanyonya unyevu. Nunua iliyofungwa.