Kabla hujalitupa gari la kopo

Juzi nikifagia baraza nililiona gari la mwanangu wa miaka sita, nusura nilitie jaani. Kopo la maziwa, vijiti viwili, magurudumu manne ya champali kuukuu. Wazazi tukisikia "mashine" twafikiria injini, lakini mashine rahisi ni kitu chochote kitupunguziacho nguvu au kitugeuziacho upande wa kuvuta. Gari lile lilikuwa somo tosha.

Tulifanya hivi. Nilifunga mpira mwembamba wa kufungia noti kwenye gari, tukatia vijiwe ndani. Alipolinyanyua juu kwa ule mpira, ulivutika sana. Kisha tukaegemeza ubao kwenye kidato cha mlango, akalivuta gari likipanda. Mpira ukavutika kidogo tu. Mzigo ni ule ule, kimo ni kile kile, ila safari imekuwa ndefu. Ukitaka wepesi, walipa kwa mwendo. Mahamali wapandishao magunia kwenye lori kwa ubao walijua hayo zamani. Ng'oa magurudumu, mwambie avute tena, atakwambia mwenyewe kazi yake.

Ubao huo huo ukiulaza juu ya jiwe wapata wenzo. Dadake ana uzito kama mara mbili yake, basi akikaa ncha ya pili, mdogo abaki hewani. Nilimuuliza: "Dada asogee wapi?" Hapa ndipo wazazi tunapoharibu, kwa haraka zetu za kutoa jibu. Nilijizuia, na haikuwa rahisi. Alimsogeza dadake nje, kisha pembeni, mwisho akamleta karibu na jiwe, kama nusu ya umbali wake yeye. Ubao ukalala sawa.

Na dau la kuchezea? Kigurudumu cha uzi kikifungwa juu ya mlingoti ni kapi. Vuta chini, tanga lapanda. Watu wazima wengi hudhani kapi hilo moja hupunguza uzito. La, hugeuza upande wa kuvuta tu. Mkipita Bandari ya Kale au Lamu, mwonyeshe makapi ya jahazi.

Gari nimelirudisha barazani. Kingo za kopo nimezikunja kwa koleo zisimkate. Gurudumu moja limepotea, na tangu jana namwona akiziangalia champali zangu.