Moshi nje, virusi ndani: dirisha tufunge au tufungue?

Ifikapo Julai, baridi ikiuma na mawingu yakitanda juu ya Nairobi kutwa nzima, kliniki yangu hujaa watoto wanaokohoa kutoka Kayole, Umoja, Dandora na Korogocho. Mwaka jana mama mmoja wa Kariobangi aliniletea mwanawe wa miaka miwili mara tatu katika mwezi mmoja. Nikamwambia yale ninayowaambia wote: "Mama, mko watu sita katika chumba kimoja. Fungua dirisha hewa ipite, la sivyo mafua yatawazunguka tu."

Alinitazama kwa adabu, akasema: "Daktari, nikifungua dirisha moshi wa jaa unaingia. Asubuhi hata shuka za mtoto zinanuka."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimempa ushauri unaomfaa mtu wa Lavington. Swali lake limenikaa akilini tangu siku hiyo, maana ndani yake mna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: moshi na virusi.

Covid-19 ilipozuka mwaka 2020, ilienea dhana kwamba chembechembe za hewa chafu hubeba virusi na kuvipeleka mbali, kama matatu inavyobeba abiria. Dhana hiyo ilivuma sana Italia, ambako jimbo la Lombardy, lenye hewa chafu, lilipigwa vibaya na ugonjwa huo. Wanasayansi wa huko walipata mabaki ya kirusi katika vumbi lililonaswa hewani mkoani Bergamo. Lakini mabaki ya kirusi si kirusi hai, kama vile manyoya ya kuku si kuku. Virusi hutoka kinywani na puani mwa mgonjwa katika matone madogo mno, na vikifika nje upepo huvitawanya na jua huviua. Kwa hiyo msomaji wa Kayole asihofu kwamba moshi wa Dandora unamletea mafua ya mgonjwa wa Dandora.

Madhara ya moshi yako mahali pengine, nako ni kifuani mwako mwenyewe. Njia ya hewa imetandikwa ute unaonasa vumbi na vijidudu. Chini ya ute huo kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupepea usiku na mchana vikiusukuma juu hadi kooni, nasi tukaumeza au kuutema. Kijidudu kikiponyoka hapo, ndani ya mapafu kuna seli za ulinzi zinazokimeza. Sasa, chembe laini za moshi, ambazo unywele wa kichwa ni mnene kuzishinda mara 30 hivi, hupenya hadi huko chini. Huvidhoofisha vinyweleo, huvimbisha kuta za njia ya hewa, na seli za ulinzi zikishashiba masizi hazina nguvu tena ya kupigana na virusi. Kirusi ambacho kingemwachia mtoto wa mahali pengine makamasi ya siku tatu humshukia huyu kifuani, kisha bakteria wakafuata nyuma, ikawa nimonia.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba moshi wa ndani ya nyumba pekee unakaribia kuongeza maradufu hatari ya mtoto mdogo kupata nimonia. Mwaka 2021 shirika hilo lilipendekeza kwamba chembe hizo laini zisizidi wastani wa maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Vipimo vya Nairobi vimekuwa vikikipita kiwango hicho mara kadhaa.

Nasi huku Eastlands tuna moshi wa kila namna. Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975 katika machimbo ya zamani ya mawe, likatangazwa kujaa mwaka 2001, na bado malori ya taka yakaendelea kuja. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Gigiri, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 waishio karibu na jaa hilo: nusu yao walikuwa na madini ya risasi kupita kiasi katika damu, na wengi walikuwa na maradhi ya kifua. Ongeza matatu kuukuu za Barabara ya Jogoo, mafundi wa jua kali, na jiko la makaa mlangoni.

Basi ndiyo maana tunafunga madirisha, na hapo ndipo moshi unapovisaidia virusi kuenea: unatufungia ndani pamoja navyo. Katika chumba kisichopitisha hewa, virusi vya surua huweza kuelea hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Vya Covid-19 na mafua navyo hupenda chumba kama hicho.

Yule mama aliporudi nilimpa jibu jingine. Moshi hauji saa zote. Yeye ndiye anayejua saa zake kuliko mimi. Mchana upepo unapovuma na harufu imepungua, afungue mlango na dirisha pamoja, hata kwa nusu saa, na arudie kila apatapo nafasi. Mwenye kikohozi alale mbali na mtoto. Jiko la makaa lisiingizwe ndani kamwe kuwasha joto, kwani gesi yake huua watu wakiwa usingizini. Barakoa ya kitambaa hupunguza mate ya mwenye kukohoa, lakini moshi hupita humo kama maji katika chujio. Mtoto apate chanjo ya surua akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, pamoja na ile ya nimonia iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2011. (Jaa lenyewe si kazi ya mama huyo kuliondoa, na sitamlaumu kwa dirisha lililofungwa.)

Wazazi wengi hungoja wakisema, "Ni moshi tu." Mtoto akikohoa, mwinue nguo akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usingoje hata kupambazuke.