Kabla hujasema babu hasikii, kagua spika

Chemba. Tangazo la chanjo ya watoto limesomwa redioni na nyumba nzima imegawanyika. Mama amesikia tarehe sita. Babu, aliyekaa karibu na spika kuliko wote, anashikilia kuwa ni tarehe tisa. Kijana anaongeza sauti ili wasikie vizuri likirudiwa, mtoto mchanga anashtuka na kulia, na mwishowe mtu anatamka: masikio ya babu yamekwisha.

Huenda babu anaonewa. Maneno “sita” na “tisa” yana herufi zilezile, ni “s” na “t” tu zilizobadilishana nafasi. Herufi hizo zikififia, hata kijana wa miaka 20 atakisia. Na kuzififisha herufi hizo ndiyo kazi inayofanywa kimyakimya na spika iliyozeeka.

Wilayani Chemba, kama ilivyo kwingineko mkoani Dodoma, bado zipo sebule zenye spika kubwa za mbao zilizonunuliwa enzi za kaseti. Spika hizo zina umri mkubwa kuliko wilaya yenyewe, iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Kwa nje zinang’aa, kwa sababu zimefutwa vumbi na kufunikwa kitambaa miaka yote. Kilichochoka kiko ndani.

Kifaa kidogo, kazi kubwa

Spika ya aina hiyo mara nyingi huwa na koni mbili. Ile kubwa hutoa besi. Ile ndogo, ambayo mafundi huiita twita, hutoa sauti nyembamba, zikiwamo “s”, “sh” na “f”. Kwenye njia ya umeme unaokwenda kwenye twita hufungwa kapasita, ambayo huzuia besi isifike huko na kuiunguza.

Kapasita nyingi za zamani zina kimiminika ndani yake. Kadiri miaka inavyopita, kimiminika hicho hukauka. Baada ya miaka 20 au 30, kapasita inaweza kuwa inapitisha sauti nyembamba kwa shida, na twita ikafifia. Besi hubaki vilevile. Ndiyo maana muziki unavuma hadi kwa jirani, lakini maneno ya mtangazaji hayashikiki.

Kwa kuwa mabadiliko huja polepole, familia huzoea. Kila mwaka sauti inapandishwa kidogo, bila mtu kujiuliza kwa nini.

Anayeumia ni mtoto

Kuongeza sauti hakurudishi herufi zilizopotea. Kunaongeza besi, na anayeipokea ni yule aliye karibu na spika, ambaye mara nyingi ni mtoto anayecheza sakafuni.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki. Kwa watoto kiwango kinachoshauriwa ni desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila sauti inapopanda kwa desibeli tatu, muda salama hupungua kwa nusu. Mtu mzima anayesikiliza desibeli 83, kwa mfano, anabaki na saa 20 tu kwa wiki.

Huna kipimo? Simama hatua moja kutoka kwa mwenzako. Kama lazima upaze sauti ndipo akusikie, redio imezidi. Mlio wa kengele masikioni baada ya kuzima muziki nao ni onyo. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa, haziwezi kuota tena.

Ni spika au ni sikio?

Jaribio lake ni rahisi. Sikilizeni kipindi hichohicho kwenye redio nyingine ndogo au kwenye simu, kwa sauti ya wastani. Kama wote, babu akiwamo, wanayashika maneno vizuri, mgonjwa ni spika. Kama mmoja bado hashiki, au hata katika mazungumzo ya kawaida anaomba urudie, mgonjwa anaweza kuwa sikio.

Usisahau kwamba vyote viwili vinaweza kutokea kwa pamoja. Uzee nao huanza kuondoa sauti nyembamba, kwa hiyo mzee husikia kuwa mtu anaongea, ila haelewi anasema nini. Mpeleke zahanati au kituo cha afya. Wakati mwingine ni nta tu iliyoziba, na haitolewi kwa njiti ya kiberiti. Mtoto asiyeshtuka kwa kelele, anayechelewa kuongea au anayetoka usaha sikioni asisubiri.

Ukienda kwa fundi

Kama tatizo ni spika, si lazima ununue mpya. Mwombe fundi abadilishe kapasita za spika zote mbili, ili zilingane. Mambo matatu ya kumuuliza:

Kwanza, je, maikrofaradi za kapasita mpya ni zilezile zilizoandikwa kwenye ile ya zamani? Pili, je, volti zake hazipungui za ile ya kwanza? Zinaweza kuzidi, zisipungue. Tatu, je, ni ya aina isiyo na upande wa chanya na hasi? Ile yenye alama ya hasi, inayotumika kwenye mifumo ya umeme ya redio, haifai hapa. Zipo pia kapasita za plastiki zisizo na kimiminika, ambazo hudumu zaidi.

Ikiwa twita bado kimya baada ya hapo, huenda yenyewe imeungua.

Kazi hii isifanyike mbele ya watoto. Waya wa kulehemu mara nyingi una madini ya risasi, na WHO inasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Moshi wake pia unaweza kumchokoza mwenye pumu. Fundi afanyie mahali penye hewa, mabaki yafagiliwe na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Amplifaya isifunguliwe na kijana wa nyumbani, kwani kapasita zake kubwa zinaweza kumpiga shoti hata baada ya kuchomolewa kwenye umeme.

Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujifunza usafi na kinga ya magonjwa. Hadi leo familia nyingi hupata taarifa za afya kwa njia hiyohiyo, na taarifa isiyosikika vizuri ni chanjo inayoweza kukosekana.

Kwa hiyo, wiki hii sogeza mkeka wa mtoto mbali na spika. Punguza sauti, fanya lile jaribio la redio mbili, na tarehe ya chanjo kaithibitishe zahanati. Na kama spika ndiyo mbovu, muombe babu radhi.