Usalama wa Dawa za Kisukari kwa Wazee wa Arusha na Maeneo ya Mlima Meru

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na zaidi. Umri huo ni mpaka muhimu pia katika tiba ya kisukari: tangu mwaka 2013, orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kuwa glibenklamaidi haifai kwa aliyeuvuka, na kuweka gliklazaidi mahali pake. Glibenklamaidi huchochea kongosho kutoa insulini hata mgonjwa asipokula, na mabaki yake yenye nguvu hutegemea figo, ambazo hudhoofika uzeeni. Mzee wa miteremko ya Meru anayeimeza alfajiri na kwenda shambani bila kula huweza kushukiwa na sukari hadi kuzimia. Jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa hudhaniwa kuwa malaria au uzee wenyewe. Bahasha ya dawa iliyoandikwa “1x2” pekee haimwonyi. Hivyo, kumeza dawa kwa uaminifu si kipimo tosha cha usalama. Mtoa dawa hana budi kuuliza umri, hali ya figo na saa ya mlo.