Presha ya Macho Mgonjwa Anapolala

Mgonjwa wa glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho, kwa kawaida hupimwa mchana akiwa ameketi kitini. Kipimo hicho ni muhimu, lakini hakielezi yanayotokea akishajilaza.

Jicho hutengeneza majimaji na kuyatoa polepole hadi kwenye vena. Presha ya kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Usiku jicho hupunguza utengenezaji wa majimaji hayo kwa karibu nusu, na bado presha hupanda. Mtu akilala, damu huongezeka kichwani, vena hujaa, na majimaji hutoka kwa shida. Akilala ubavu, jicho la upande wa chini ndilo hupata presha kubwa zaidi.

Mjini Houston, wataalamu wa NASA wanalifahamu vizuri suala la majimaji kupanda kichwani. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2011 ilieleza mabadiliko ya macho ya wanaanga 7 waliokaa angani miezi 6. Mabadiliko hayo si glakoma, ila yanaonyesha jinsi jicho linavyoathirika mvutano wa dunia usipoivuta damu kuelekea miguuni.

Dawa nazo hutofautiana. Timololi hupunguza utengenezaji wa majimaji, kwa hiyo msaada wake usiku ni mdogo. Travoprosti, iliyoletwa sokoni mwaka 2001 na Alcon, kampuni iliyoanzia Fort Worth, hurahisisha majimaji kutoka, usiku na mchana.

Watu wenye asili ya Afrika wako hatarini zaidi. Utafiti wa Kongwa, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa takriban asilimia 4 ya watu wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Mkenya au Mtanzania wa Dallas anayefanya kazi zamu ya usiku na kulala mchana amweleze daktari ratiba yake, na ubavu anaopenda kulalia.

Utafiti wa Toronto wa mwaka 2010 uliona kwamba kuinua kichwa kwa nyuzi 30 kulipunguza presha ya usiku kwa wastani wa milimita 3 hivi. Ni heri kuinua kitanda upande wa kichwani au kutumia mto mmoja mpana wenye mteremko, kwa sababu mito iliyorundikwa hukunja shingo na kubana vena. Jicho lililoathirika zaidi lisilaliwe, na matone ya dawa yaendelee kutumiwa kama daktari alivyoagiza.